Nyumba ya Ngoingwa Isiyo na Kasoro

Mourine Naliaka ameishi Thika zaidi ya miaka ishirini, na muda huo wote hajaumwa na mbwa, hajagongwa na pikipiki, hajaporwa simu wala kurushwa na stima. Mtu mwingine angeita hiyo bahati. Yeye huona tu kwamba zamu yake inakaribia.

Kazi yake inamfaa. Yuko idara ya ukaguzi katika kiwanda cha kusindika matunda, ambako ukanda hupita mbele yake umebeba mananasi, naye hulipwa kuyashuku. Nanasi lenye doa hulitoa. Nanasi lisilo na doa huligeuza, kutafuta lilikolificha. Mumewe Wamalwa, fundi wa mashine katika kiwanda hicho hicho, amezoea kuletewa chai ambayo imeshanuswa. Binti yao Dianah alipopata kazi Nakuru, mama yake alimpa nasaha tatu za maisha, na zote zilihusu mtungi wa gesi.

Waliishi Makongeni, katika nyumba za safu, ambako ukuta mmoja ni wa familia mbili na ugomvi wa jirani huusikia tangu mwanzo, kwa hivyo huna haja ya kuuliza umefika wapi. Mwezi wa Mei mwenye ploti alipita mlango kwa mlango. Alikuwa mpole sana. Nyumba zinabomolewa, anajenga gorofa, wapangaji wawe wamehama kabla ya Agosti kuisha. Wamalwa alikuwa anastaafu mwaka unaofuata, na chama cha akiba cha wafanyakazi hakimkopeshi nyumba mtu ambaye kesho yake hana mshahara. Kwa hivyo hesabu ilikuwa fupi: ni nyumba yao sasa, kabla ya Agosti, au ni kupanga mpaka uzeeni.

Naliaka hakulala vizuri tena.

Broka aliitwa Kiama, kijana mwenye suti iliyombana na simu mbili zilizolia kwa zamu. Aliwapeleka Ngoingwa kuona bangalo ya vyumba vitatu. Ilikuwa na miaka sita tu tangu ijengwe. Ploti ya futi hamsini kwa mia, bati la rangi ya ugoro, geti jeusi, ukuta mzima, jikoni yenye makabati yanayofunga bila kusukumwa na goti. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Magdalene, ambaye watu humwita Mama Wangechi. Aliwakaribisha, akawapa chai, akakaa upande wa kiti ulio karibu na mlango.

"Anataka ngapi?" Wamalwa aliuliza walipotoka nje.

Kiama alitaja bei. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefunua zawadi: "Na inaongeleka."

Naliaka aligeuka kuitazama nyumba upya.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa nini nini, madam?"

"Kwa nini ni rahisi?"

Kiama aliangalia simu moja, kisha nyingine. "Madam, hii kazi nimefanya miaka. Hiyo swali huwa naulizwa, lakini ya upande ule mwingine."

Mtu anayetaka kujua kama bei ni ya haki hutafuta nyumba zinazofanana, za umri ule ule, ukubwa ule ule, mtaa ule ule, akazilinganisha. Wataalamu wana vyeti vya kufanya hivyo. Naliaka alikuwa na Jumamosi na viatu vya kutembelea.

Alianza na nyumba iliyo mkabala, ng'ambo ya barabara ya vumbi. Ilikuwa pacha kamili: fundi mmoja, ramani moja, hata mfereji wa paa ulipinda mahali pale pale. Ilikuwa ya mwanamke anayeitwa Tabby, mwenye duka la vipodozi mjini, aliyeinunua mwaka uliotangulia. Tabby alizungumza kupitia tundu la geti, kwa jicho moja.

"Sisi tulilipa milioni nane," jicho likasema. "Na tuliomba sana ishuke, haikushuka. Kwani huyo mama anauza ngapi?"

Naliaka alitaja: sita na nusu. Jicho lilitoweka. Likarudi.

"Haiya," likasema. "Kwani iko na nini?"

Hilo ndilo swali Naliaka aliloenda kulijibu, na sasa walikuwa nalo wawili.

Jumamosi iliyofuata alikagua nyumba iliyo karibu na lami. Ilikuwa kuukuu, ufa wa sebuleni ulimeza sarafu aliyoujaribu nayo, na maji ya kisima yalitoka na rangi ya chai. Bado walitaka zaidi ya saba. Jumamosi ya tatu alivuka mpaka Ruiru, kuona nyumba ambayo broka mwingine alisema iko Membley, mtaa wa wenye nazo. Haikuwa Membley. Ilikuwa nje ya ukuta wa Membley, lakini ukipanda juu ya tangi la maji ulikuwa unaiona Membley vizuri, na hayo mandhari yalikuwa ndani ya bei. Ploti yenyewe ilikuwa nusu ya ile ya Ngoingwa. Walitaka kumi na moja.

"Sasa si umejionea?" Wamalwa alimwambia jioni hiyo. "Yetu ndiyo poa kuliko zote."

"Ndiyo maana naogopa."

"Mama Dianah, watu huogopa ya bei ghali."

"Hao hawafanyi ukaguzi."

Akaendelea kukagua. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, chumba kwa chumba, sikio likiwa karibu. Zilikuwa imara. Alimwaga maji bafuni kuona yanakoelekea, na yalielekea kwenye shimo lake kama yaliyofunzwa. Alienda ofisi ya ardhi kuangalia hati, akaambiwa ni safi, haina mkopo, haina kesi, mwenye jina ndiye mwenye mali. Alimuuliza mzee wa nyumba kumi kama kuna barabara inayopangwa kupita hapo, kama mto hufurika, kama ukuta umewahi kupakwa ile X nyekundu ya kubomolewa. Mzee akasema hapana, hapana, na hapana. Kila hapana ilimkondesha. Kiwandani, nanasi linalong'aa pande zote ndilo ukilipasua unakuta katikati ni uji.

Alipata jibu alipoenda tena kuitazama.

Wakati Kiama akiongea na simu zake, Naliaka alizunguka nyumba. Upande wa kulia, kati ya kibaraza na ukuta, palikuwa na bamba la saruji. Lilikuwa refu kuliko mtu kidogo, pana kama kitanda cha mtu mmoja, limeinuka kiganja kimoja kutoka ardhini. Limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Upande mmoja, wa kichwani, palikuwa na maua mekundu, na yalikuwa yamemwagiwa maji asubuhi hiyo.

Naliaka ni mtu wa Kimilili, huko Bungoma. Kwao, mwenye boma akifa halazwi mbali. Hulazwa hapo hapo uwanjani, karibu na nyumba kiasi cha kusikia redio. Saruji hupakwa juu, mawe huwekwa, maua hupandwa. Watoto hukaa juu yake kumenya mahindi. Kwa hivyo hakuhitaji kuambiwa. Alielewa mara moja bei, chai, ule upole, na yule mjane aliyekaa karibu na mlango.

Mzee yuko hapa.

Mtu atauliza, kwa nini hakumuuliza Mama Wangechi? Lakini jaribu wewe. Umekuja kununua nyumba ya mjane, umeonja chai yake, umemshika mkono, halafu umuulize, samahani mama, mzee mlimweka wapi, na je, ameingizwa kwenye bei? Kuna mambo ambayo mtu aliyelelewa na watu hawezi kuyatamka. Alichoweza kukifanya ni kile anachokifanya mgeni yeyote kwao. Alivua kitambaa cha kichwa, akasimama upande wa maua, akainamisha kichwa.

"Mulembe, baba," akamsalimia kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. "Sisi ni wageni tu. Hatujaamua."

Pazia la jikoni lilitikisika.

Njiani kurudi alimgeukia Kiama. "Hebu niambie ukweli. Kwa hiyo nyumba kuna nani?"

"Kuna mama peke yake. Ikiuzwa anatoka."

"Na yule mwingine?"

"Mwingine gani?"

Naliaka aliangalia chini tu, kwa heshima. Kiama naye aliangalia chini, akaona lami, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaziacha simu zake zilie zote mbili.

Jioni hiyo alipiga. "Madam, sijui ulimwambia mama nini. Amepunguza laki tatu."

"Sijamwambia kitu!"

"Basi endelea hivyo hivyo."

Hapo ndipo Naliaka alipoanza kuogopa kikweli. Bei ilikuwa imeshuka saa chache baada ya yeye kumsalimia marehemu. Hakuwa mtu wa kuamini mambo ya giza, huimba kwaya ya akina mama na anajua msimamo wa kanisa, lakini kwaya haijawahi kumwambia mtu afanye nini kaburi likianza kumpa punguzo.

Alimchukua Wamalwa waende pamoja. Wamalwa ni mtu mtulivu. Mashine ikilipuka yeye huuliza ni ipi. Alizunguka nyumba akipiga mluzi, akafika upande wa kulia, mluzi ukakatika. Akavua kofia.

"Ah," akasema.

"Umeona?"

"Nimeona."

Walisimama hapo bega kwa bega. Kwao hakuna ubaya kuishi na kaburi. Ubaya ni kuishi na la mtu usiyemjua. Babu yako anakujua. Huyu angeamka asubuhi, kwa namna ya kusema, akute watu wa Kimilili wanakaanga samaki jikoni kwake. Huwezi kumwambia mtu ahame kwenye uwanja wake mwenyewe. Na watoto wake watakuja, kila Krismasi, na maua.

"Tutakuwa wapangaji wake," Naliaka alinong'ona.

"Angalau huyu hapandishi kodi."

"Wamalwa! Anasikia!"

Wamalwa alikohoa, akarekebisha. Alijitambulisha kwa bamba la saruji kikamilifu: jina lake, jina la baba yake, kijiji, kiwanda anachofanyia kazi na miaka aliyofanya. Alieleza kwamba hawana nia mbaya, kwamba Makongeni wanafukuzwa. Naliaka aliitikia kwa kichwa kuthibitisha. Pazia la jikoni lilikuwa limefunguka kwa upana wa vidole viwili, na nyuma yake kulikuwa na uso.

Bei ilishuka tena kabla hawajafika nyumbani. Kiama, aliyepiga kuwaarifu, hakuwa na furaha ya kazi. "Mama anauliza," alisema, "kama mnaweza kuhamia upesi. Na anauliza nyinyi ni wa kanisa gani haswa."

Agosti ilikuwa katikati. Jirani wa kushoto Makongeni alikuwa ameshahama. Chumba chake kilikuwa kimya, na Naliaka aligundua kwamba alikuwa akilala kwa sauti ya kukoroma ya mtu mwingine kwa miaka yote hiyo. Wamalwa alisema wachukue nyumba. Marehemu mmoja mpole si kitu, alisema, kuna watu wana mashemeji. Naliaka aligeuza jambo hilo kama nanasi, siku baada ya siku, na kila upande aliougeuza ulimwambia akimbie. Mwishowe akaamua. Angemwendea mama mwenyewe, ana kwa ana, amwambie hapana. Wangepanga mpaka uzeeni. Watu hupanga.

Alifika Ngoingwa asubuhi, kwa miguu kutoka stejini, akijifunza maneno ya kukataa. Geti lilikuwa wazi. Ndani ya uwanja palikuwa na lori kubwa lenye tangi na bomba nene lililolala nyasini. Upande wa kulia, wanaume wawili wenye viatu vya mpira walikuwa wamechomeka mtaimbo chini ya bamba la saruji. Maua yalikuwa yamesukumwa kando. Bamba lilikuwa linainuka.

Wanaosema Naliaka ni mwoga wangepaswa kumsikia.

"MWACHENI!" alipiga yowe. "Mwacheni alale! Mnamfukua?"

Wale wanaume waliachilia mtaimbo. Bamba lilirudi chini kwa kishindo. "Nani, mama?"

"Mzee!"

"Mzee gani?" Mmoja wao alirudi nyuma akayakanyaga maua. "Boss, kuna mzee ndani? Hatukuambiwa kuna mzee!"

Mlango wa jikoni ulifunguka, Mama Wangechi akatoka na mwiko mkononi, uso umepauka. "Ngai! Mzee gani? Unamwona? Ako wapi?"

"Hapo chini!"

"Chini ya nini?"

Bamba lilikuwa limerudi upande, likaacha mwanya, na kutoka kwenye ule mwanya ikapanda harufu. Ilipanda bila haraka, ikawafikia mmoja mmoja, ikaeleza kila kitu kwa ufasaha ambao mzee wa nyumba kumi hakuwa nao.

Naliaka alishusha mikono.

"Ni choo," akasema.

"Ni shimo la choo, eeh," alisema yule wa mtaimbo, akiwa bado mbali nalo. "Tumetumwa kunyonya. Sasa mzee alitumbukia lini?"

Walikaa jikoni, dirisha limefungwa, lori likinguruma nje. Mama Wangechi alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

"Kwa hivyo umekuwa ukisalimia choo changu."

"Nilidhani ni baba Wangechi."

"Ephantus tulimzika Murang'a, kwa babake. Hapa Ngoingwa nani huzika mtu karibu na kibaraza? Hayo maua nilipanda ndio wageni wasikanyage, hiyo saruji si nene sana." Alifuta meza ambapo hapakuwa pamemwagika kitu. "Sasa mimi niko hapa, peke yangu, naona mwanamke amesimama pale anaongea na chini. Halafu Kiama ananiambia, yule madam anasema kuna mtu mwingine. Halafu unaleta bwana, naye anavua kofia! Mama Dianah, niliacha kwenda bafuni bila taa. Mchana!"

"Ndio ukapunguza bei."

"Wewe ungepandisha?"

Naliaka alifikiri. Hapana, asingepandisha. Lakini kulikuwa na jambo lililobaki kwenye ukanda, na hakuweza kuliacha lipite. "Na ile ya kwanza? Kabla hatujakuja? Nyumba ya Tabby ni hii hii, na ilikuwa nane."

Mama Wangechi aliangalia geti kupitia kioo.

"Ni woga tu," akasema. "Wangechi ameolewa Mombasa. Hapa kila mtu na geti yake. Tabby namjua jicho moja. Nikianguka hapa ndani, nani atajua? Mimi nimezaliwa Makongeni, sisi tulikuwa watoto saba, usingizi bila kelele siujui. Nikasema nikiweka bei ya watu wengine nitangoja mwaka, na huo mwaka sitaumaliza. Hiyo ndiyo kasoro. Hakuna ingine."

Nje lori lilizima. Kimya kilichoingia kilikuwa kikubwa, na Naliaka, aliyekuwa akishangilia moyoni, hakukizingatia.

Jioni alimweleza Wamalwa kila kitu. Wamalwa alicheka mpaka akakaa chini. Alipoambiwa sehemu ya mwisho aliacha.

"Umefanya nini?"

"Nimerudi kwa bei ya kwanza."

"Umepandisha? Mama Dianah, umepandisha bei dhidi yetu sisi wenyewe?"

"Sijapandisha. Nimeirudisha. Ile ya chini ni ya mtu aliyetishwa, na tuliomtisha ni sisi. Nitalalaje ndani ya nyumba niliyoipata kwa kuombea choo? Ile ya kwanza iko na sababu yake. Nimeiona, nimeigeuza, ni safi."

Wamalwa alijua kwamba nyumba ilikuwa imepita ukaguzi na kwamba jambo hilo halitatokea mara mbili. Alitia sahihi. Kiama, ambaye mgao wake ulikuwa umepanda pamoja na bei, alianza kumwita Naliaka "mamangu".

Walihama wiki ya mwisho ya Agosti. Mama Wangechi alipata chumba Makongeni nyuma ya soko, kati ya fundi viatu na kanisa lenye ngoma mbili.

Jumapili ya kwanza Wamalwa alikuwa zamu. Naliaka alitoka kanisani, akafungua geti, akafunga geti, akala, akaosha sahani. Halafu akakaa sebuleni. Ilikuwa alasiri, jua limewaka. Alisikia friji ikianza. Akaisikia ikiacha. Baada ya hapo hakukuwa na kitu: hakuna mtoto, hakuna sufuria ya jirani, hakuna mtu anayeitwa mjinga na mkewe. Ng'ambo, geti la Tabby lilikuwa limefungwa kama lilivyofungwa daima. Alikuwa amelinganisha nyumba nne kwa kuta, maji, hati na barabara, na katika zote hakuwahi hata mara moja kukaa chini, akanyamaza, akasikiliza.

Alipiga simu. Upande wa pili ulipokea kwa ngoma, makofi na mtu anayeuza nyanya.

"Mama Wangechi," Naliaka alisema, na akashangaa kwamba alikuwa akinong'ona. "Hii kimya. Ulikuwa unafanyaje nayo?"

"Ati?"

"Hii kimya! Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nauza nyumba," alisema Mama Wangechi, na simu ikakatika.

Naliaka akatoka nje, akazunguka upande wa kulia, ambako maua mekundu yaliyokanyagwa yalikuwa yameanza kuinuka. Aliangalia huku na huku. Hakuna aliyekuwa akimwona, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

"Mulembe, baba," akasema.

Akasimama hapo, kichwa kimeinama upande mmoja, akisubiri kwa muda wa kutosha kuhakikisha kwamba hakuna atakayejibu.